Kasri Likahamwa, Msikiti Ukajengwa Upya: Mafunzo ya Husuni Kubwa ya Kilwa

Ni nyumba chache za Waislamu hapa Mabawa zisizokuwa na kile kijitabu cha dua kiitwacho Hisnul Muslim. Watoto hukihifadhi madrasa, akina mama hukiweka karibu na msala, na msafiri hukitia mfukoni kabla ya kupanda basi. Hisni kwa Kiarabu ni ngome, mahali ambapo mtu hujihifadhi na adui. Neno hilo lilipozoeleka vinywani mwa Waswahili likawa husuni, na hadi leo ndilo jina la magofu mawili yaliyoko katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi: Husuni Kubwa na Husuni Ndogo.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa Tanga tuna nini na magofu ya Kilwa? Jawabu letu ni kwamba safari ya fikra kwenda Kilwa huanzia hapa hapa nyumbani. Takribani kilomita 20 kusini mwa mji wetu, kando ya barabara ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, baadhi yake yakiwa na nguzo za mawe, kazi ya waja wa Allah walioishi katika pwani ya Mtangata katika karne ya 14 na 15. Familia zinazokwenda huko siku za mapumziko hukutana na swali moja kutoka kwa watoto: ikiwa watu hawa walijenga msikiti na makaburi kwa uzuri kiasi hiki, watawala wao walikaa wapi? Tongoni haitujibu. Kilwa inatujibu, kwa sababu huko yamebakia kasri la Sultani na msikiti wa Ijumaa alioupanua Sultani huyo huyo, katika kisiwa kimoja.

Tena Kilwa inajibu swali zito zaidi ambalo mtoto hakuliuliza. Majengo yale mawili yalijengwa katika zama moja, kwa mawe ya aina moja, na kwa mali ya mtawala mmoja. Kasri likahamwa kabla halijakamilika. Msikiti ulianguka, nao ukainuliwa tena. Kwa nini? Swali hilo linamhusu kila mwenye kushika daftari la michango ya msikiti, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kasri juu ya jabali

Husuni Kubwa imesimama upande wa mashariki wa mji wa kale wa Kilwa, juu ya jabali linalotazama bahari ya kaskazini. Sehemu kubwa ya jengo hilo inanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu mwaka 1310 au karibu yake hadi takribani mwaka 1333. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe, ambayo yalipatikana katika magofu hayo, yanamtaja kwa lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyenusuriwa. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alianza kuchimba na kuchunguza Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa kazi yake tunaweza leo kutembea katika kasri hilo kwa fikra, chumba kwa chumba.

Ingawa watu wameliita husuni, jengo hili halikuwa ngome ya vita tu. Lilikuwa nyumba ya mfalme, baraza la hukumu na ghala la biashara kwa pamoja. Lina vyumba zaidi ya 100, na kwa zama zake lilikuwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa kusini mwa jangwa la Sahara. Upande wa kusini ulikuwa na ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba, mahali panapofaa kuwekea bidhaa na kufanyia biashara. Upande wa kaskazini, karibu na ukingo wa jabali, ndiko kulikokuwa na makazi ya Sultani na ua wa baraza lenye ngazi pembeni, mahali pa kukutana na wageni na watu wenye haja zao.

Humo kaskazini pia ndimo lilimo birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo huwashangaza wageni kuliko kitu kingine chochote. Ndugu msomaji anajua birika la msikitini, lile la kutilia udhu. Hili la Husuni Kubwa lilikuwa la starehe, limechimbwa ndani ya ua, na ukingo wake umepangwa kwa ustadi wa mwashi aliyejua hesabu ya pembe. Atafakari mtu ni ndoo ngapi zilizobebwa na mabega mangapi ili birika hilo lijae maji juu ya jabali, naye atakuwa ameanza kuielewa gharama ya kasri.

Jirani yake, Husuni Ndogo ni ukuta mzito wa mstatili wenye minara midogo katika pembe na katikati ya kuta. Hiyo ndiyo inayofanana zaidi na ngome kama watu wengi wanavyoifikiria. Mwenye kuyatazama majengo haya pamoja huona kwamba waashi wa Kilwa walijua kujenga kwa ajili ya ulinzi, kwa ajili ya biashara na kwa ajili ya uzuri.

Matumbawe, chokaa na boriti

Waashi hao walitumia vitu vitatu ambavyo bahari na mikoko iliwapa. Cha kwanza ni mawe ya matumbawe. Yale magumu ya nchi kavu yalijengewa kuta. Yale laini, yaliyokatwa ndani ya maji yangali hai, yalichongwa mihrabu, miimo ya milango na mapambo, kwa kuwa jiwe hilo likitoka baharini hukubali patasi kama ubao, kisha hukauka na kuwa gumu.

Cha pili ni chokaa. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo yaliyopangwa kwa duara, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakazimuliwa kwa maji na kuachwa yapoe kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Wazee wa pwani yetu bado wanaikumbuka kazi hiyo, na walioifanya wanajua kuwa chokaa haitaki haraka.

Cha tatu ni boriti za mikoko. Boriti hufika urefu fulani tu, na kwa sababu hiyo vyumba vya majumba ya kale ya Waswahili ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita mbili na nusu au tatu. Kila atakayeingia katika gofu lolote la pwani, iwe Tongoni, Kaole au Gede, ataiona kanuni hiyo: mti wa mkoko ndio uliopima chumba. Waashi wa Husuni Kubwa walijaribu kuuvuka mpaka huo. Sehemu kadhaa za kasri waliziezeka kwa kuba na kwa matao ya mawe na chokaa, na baadhi ya kuba hizo zilitiwa mifuo na nyingine zilichongoka juu. Sultani alifanya vivyo hivyo katika upanuzi wa msikiti. Kwa zama hizo ulikuwa ujasiri mkubwa wa kihandisi, na kama tutakavyoona, ujasiri una gharama yake.

Sultani mwenye mkono mpana

Mali ya kujengea kasri la namna hiyo ilitoka wapi? Kilwa ilikuwa imeishika njia ya dhahabu iliyotoka bara ya kusini kupitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imewahi kupatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, nayo ni ushahidi wa jinsi biashara ya kisiwa kile ilivyofika mbali.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tanja huko Morocco, alifika Kilwa baada ya kupita Mogadishu na Mombasa. Aliusifu mji kwa uzuri wake, akawasifu watu wake kwa dini na wema, na akaeleza kuwa walifuata madhehebu ya Imamu Shafi, Allah amrehemu. Sultani aliyemkuta ni huyu huyu al-Hasan, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa wingi wa utoaji wake. Masharifu kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko walikuwa wakimjia, naye akiwakirimu.

Ibn Battuta anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimkabili Sultani akitoka katika swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakukasirika. Aliingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zake, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Watu wakamshukuru kwa unyenyekevu wake. Mwanawe alizikomboa nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani alipoona jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hatupaswi kukisoma kwa jicho moja. Ndani yake mna unyenyekevu wa mtawala, na ndani yake vilevile mna wanadamu ishirini waliogawiwa kama bidhaa. Ibn Battuta hakuficha kwamba Sultani alikuwa akienda vitani bara mara kwa mara na kurudi na ngawira. Tunapowapeleka watoto wetu kwenye magofu, tuwaeleze uzuri wa jiwe na tuwaeleze pia jasho na machozi yaliyolilipia. Historia ya Waislamu haipungukiwi heshima kwa kusemwa kweli, kwani kusema kweli ni katika dini yetu.

Mwisho wa kisa ndio unaotuhusu zaidi. Al-Hasan alipofariki, nduguye Dawud alishika utawala, naye hakuwa na tabia ya marehemu. Akijiwa na mwombaji, alimjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa mlangoni kwake miezi mingi wakipewa kidogo, mpaka waliozoea kumjia wakaacha kuja.

Msikiti ulioanguka ukainuliwa

Husuni Kubwa ilikaliwa kwa muda mfupi tu na ikahamwa kabla ya kumalizika. Zipo sehemu ambazo mwashi alianza na hakuna aliyeendelea baada yake. Kasri lilitegemea mkono wa mtu mmoja, na mkono huo ulipolala kaburini, hapakuwa na mwingine mwenye haja nalo. Hakuna muumini wa Kilwa aliyekosa swala kwa sababu birika la mfalme lilikauka. Hakuna yatima aliyelala nje kwa sababu kuba ya baraza haikukamilika.

Sasa tuutazame Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu yake ya kale, ya upande wa kaskazini, ilijengwa mamia ya miaka kabla ya kuja Wareno. Al-Hasan bin Sulaiman akaongeza upande wa kusini, mpana kuliko wa awali, na akauezeka kwa kuba. Nguzo zake zilikuwa za jiwe la tumbawe, kila nguzo ikiwa jiwe moja zima. Zilikuwa nzuri, lakini zilielemewa na uzito, na upanuzi huo ukaanguka. Tusidhani, basi, kwamba msikiti ulisalimika kwa kuwa ulijengwa imara zaidi kuliko kasri. Ulitoka katika mkono ule ule na zama zile zile, na ulianguka.

Tofauti ni kilichofuata. Katika karne ya 15, vizazi kadhaa baada ya al-Hasan, msikiti ulijengwa upya. Waashi wa zama hizo hawakurudia kosa la waliowatangulia. Waliachana na nguzo za jiwe moja, wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake wakarudisha kuba na matao. Nguzo hizo na sehemu ya kuba hizo zingali zinaonekana leo, baada ya miaka takribani 600.

Kwa nini waliurudia msikiti na hawakulirudia kasri? Kwa sababu msikiti ulikuwa ukihitajika mara tano kila siku. Kila baba wa nyumba, kila mvuvi, kila mfanyabiashara aliyefika kwa jahazi, alikuwa na fungu lake ndani yake. Jengo lenye wenyewe wengi halikosi wa kulililia linapoanguka. Wareno waliposhambulia Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, waliukuta mji wa misikiti na majumba ya mawe. Husuni Kubwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mahame.

Sisi na kuta zetu

Mwenye kushughulika na kamati ya msikiti, popote katika mji huu, anaijua hali ifuatayo. Ukitangazwa mchango wa mnara mpya, watu huchangamka. Mfadhili akijitokeza na kusema atajenga ghorofa, picha hupigwa na dua huombwa. Lakini ukitangazwa mchango wa kuziba paa linalovuja, kusafisha mfereji au kukarabati vyoo, kapu hurudi jepesi. Tunapenda kujenga kuliko kutunza, na tunapenda jengo lenye jina la mtoaji kuliko kazi isiyoonekana.

Husuni Kubwa inatuonya kuhusu tabia hiyo. Mfadhili mmoja mkarimu ni neema, na mwenye kumdharau amekufuru neema. Hata hivyo, msikiti unaomtegemea yeye peke yake unaishi katika pumzi zake. Siku atakapofariki, au biashara yake itakapoanguka, jibu la Dawud litasikika katika mimbari zetu: aliyekuwa akitoa amekufa. Kinga yake ni wakfu wa matunzo. Kila msikiti unaojengwa na uwe na chumba cha duka, shamba la minazi au fungu la kudumu, ambalo pato lake limeandikwa kuwa ni la ukarabati, wala si la jambo jingine. Na kila mwenye nyumba jirani awe na wajibu wake, hata kama ni kutoa saa moja kwa mwezi ya kupanda juu na kulitazama paa.

Onyo la pili ni la kifundi. Baadhi ya misikiti na nyumba za kale katika upwa wetu zina kuta za matumbawe na chokaa. Zikipata ufa, fundi wa leo hukimbilia saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ndani ya ukuta hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na jiwe. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hutibiwa kwa chokaa. Kamati yenye ukuta wa namna hiyo na iwatafute wazee wanaoijua kazi hiyo wangali hai, na iwape vijana wawili watatu wa kujifunza kwao. Vilevile, mche unaoota katika ufa ung'olewe ungali mdogo, kwa sababu mzizi wake ukishanenepa hupasua ukuta ambao mvua ya karne nyingi haikuupasua.

Onyo la tatu ni la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo na vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kuchukua jiwe la Tongoni ukajengee msingi wa nyumba, au kung'oa kipande cha sahani ya kale kaburini ukiuze, ni kosa mbele ya sheria, na kwa muumini ni kuvunja heshima ya maiti. Kilwa Kisiwani, pamoja na magofu ya Songo Mnara, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Miaka kumi hiyo inathibitisha kwamba gofu likitunzwa hupona.

Mkienda Tongoni na watoto

Si kila familia ina nauli ya kwenda Kilwa, lakini Tongoni iko karibu. Tunawashauri wazazi wafanye ziara ya mafunzo. Mtakapofika, anzeni kwa kuwatolea salamu waliolala pale na kuwaombea maghufira. Msikanyage makaburi, wala watoto wasipande juu ya nguzo, kwani nyingi zimekwisha kuanguka.

Kisha waulizeni watoto: kibla kiko wapi? Mwacheni mmoja wao aitafute mihrabu. Atagundua kwamba inaelekea kaskazini, kwa sababu Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa pwani yetu, na kwamba watu wa Mtangata na watu wa Kilwa, walio mbali namna ile, walielekeza nyuso zao upande mmoja na sisi. Mpeni mwingine kamba apime upana wa vyumba, na mweleze habari ya boriti za mikoko. Wa tatu atafute mahali ambapo jiwe laini limechongwa na mahali ambapo jiwe gumu limejengwa. Mtoto aliyepima ukuta kwa mikono yake hatakubali kesho kuona ukuta huo ukibomolewa.

Mwisho, mrudipo nyumbani, kabla ya Isha pitieni msikiti wenu wenyewe. Tazameni juu penye dari, tazameni kona zenye unyevu, na muulizeni katibu wenu ni kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya matunzo ya mwaka huu. Wakazi wa Kilwa waliurithi msikiti ulioanguka, wakaujenga upya kwa nguzo bora kuliko zile za awali. Sisi tumerithi misikiti iliyosimama, na kazi yetu ni nyepesi kuliko yao.

Tunamwomba Allah Subhanahu wa Taala awarehemu waliotutangulia, azitakase nia za wanaojenga, na atujaalie tuwe katika wanaozitunza nyumba zake. Amin.